Ramadhani yangu ya kwanza Riyadh: ratiba moja, database za matawi yote, na jua lililogoma kuzama Jeddah

Wakuu, heshima kwenu.

Hili nimekaa nalo tangu Ramadhani iliyopita. Najua wapo watakaosema ni chai, lakini ninayoandika nimeyaona kwa macho yangu mawili na sina ninachouza.

Mimi ni kijana wa Moshi, Mlutheri, kazi yangu ni kutunza database. Niko Riyadh kwenye kampuni yenye maduka ya vyakula Dammam, Riyadh na Jeddah.

Kila duka lina database yake, na kila database ina kazi zake: kuchukua backup, kufuta takataka za zamani, kupanga upya index, yaani faharasa inayosaidia mfumo kutafuta bidhaa haraka.

Kwa wasiojua, hiyo ya index ndiyo nzito. Kwa mfumo wetu huu wa kizee, ikianza, mashine za kulipia zinaganda mpaka imalize. Huwezi kuifanya mteja akiwa amesimama mbele ya keshia.

Zamani kila tawi lilijifanyia lenyewe. Jeddah alikuwepo Kiprono, Mkenya wa Kericho, ofisi yake iko juu ya duka letu la mtaa wa Balad.

Huyu jamaa ndiye aliyenishika mkono kwa simu nilipoanza kazi. Alinifundisha mpaka namna ya kuongea na mudir, yaani meneja wetu, akiwa amenuna. Tulikuwa hatujaonana hata siku moja, lakini nilimhesabu ndugu.

Basi mudir akaja na agizo. Anataka kazi za database zote zipangwe na kusimamiwa kutoka sehemu moja, kwangu Riyadh, kwenye screen moja.

Halafu akaongeza, kwa sauti ile ile anayoagizia kahawa: ikienda vizuri Ramadhani hii, nafasi ya Jeddah inafutwa.

Nafasi ya Jeddah ni Kiprono. Na huku ikama, yaani kibali chako cha kuishi, iko mikononi mwa kafili aliyekuajiri. Kwa Kiprono, kazi kuisha ilikuwa na maana ya kupanda ndege. Ana mapacha wanasoma Kericho.

Nilimwambia ukweli. Akacheka kidogo.

"Bro, fanya kazi yako. Za huku nitakusaidia kuunganisha. Usiniharibie tu server zangu."

Na kweli akasaidia, bila kinyongo. Roho iliniuma kuliko kama angenitukana.

Ikabaki kutafuta muda wa hiyo kazi ya index. Ramadhani huku usiku ndio mchana, maduka hayapumui mpaka alfajiri. Mudir akasema weka saa ya futari, adhana ya Maghrib ikilia hakuna binadamu dukani.

Nikaona akili kubwa hiyo. Nikachukua saa ya Maghrib, nikaongeza dakika chache ili foleni ziishe, nikaituma kwenye database zote kwa mpigo. Saudia nzima inatumia saa moja, ningewaza nini kingine?

Siku ya kwanza mudir akaja kusimama nyuma ya kiti changu, tende mkononi, anasubiri adhana.

Sasa niwaeleze kilichokuwa kwenye screen. (Wale wa "weka picha" mtulie, screen ya kampuni siipigi picha, msinitafutie tiketi ya kurudi nyumbani.)

Kila duka lina mstari wake. Watu wakinunua unapanda, wakipungua unashuka.

Dammam wako mashariki zaidi, kwao jua linatangulia kuzama. Mstari wao ukaanguka kwanza, moja kwa moja mpaka chini.

Baada ya muda kidogo misikiti ya mtaani kwetu ikaadhini, na maduka ya Riyadh yakaanguka kwa pamoja. Hata lile la Al-Dirah, lililokuwa limefurika, likawa kama limekatiwa umeme.

Wakuu, mwili ulinisisimka. Nimekua nikisikia adhana Moshi, ila sikuwahi kuiona. Umati wa watu wasiojuana umeacha kila kitu kwa mara moja, na mimi naliona hilo kwenye vimistari vya kijani.

Mudir akaweka tende mdomoni. Mimi macho yakashuka kwenye mstari wa Jeddah.

Ulikuwa unapanda.

Nikampigia Kiprono, nyuma yake kelele tupu. Nikamuuliza, "Kaka, mbona kwako watu wanaongezeka?"

"Kwani uko wapi? Huku jua bado iko, bro. Laini ya sambusa imetoka mpaka kwa barabara. Mashine zikihang saa hii, hawa watu watafungua na hasira. Simamisha hiyo kitu."

Nikabonyeza kuzuia kwa Jeddah. Kazi za Riyadh na Dammam zikaanza. Ya Jeddah ikabaki imeshikiliwa.

Ndipo akili ikafunguka. Saa ni moja, jua si moja. Jeddah iko mbali magharibi, Maghrib inafika kwao kama nusu saa baada yetu. Na hiyo nusu saa ya kabla ya futari ndiyo inayojaza duka kuliko wakati wowote. Mudir aliwaza futari yake, nami nikaweka ya Riyadh; Kiprono alidhani nimeweka ya Balad.

Mudir, mtu wa Riyadh tangu kuzaliwa, akasogea karibu na screen. Akavuta kiti, akakaa. Nikaweka simu kwa sauti, Kiprono akawa anatutangazia kama mpira wa redioni.

"Bado... wanapungua... kuna mzee mmoja anachagua maziwa ya laban... bado..."

Kisha adhana ya Balad ikaingia kwenye simu, na mstari wa Jeddah ukaanguka papo hapo. Sauti na mstari vilikuja pamoja.

"Sasa," Kiprono akasema. "Achilia."

Nikaachilia. Kazi zote zikapita, kijani kitupu.

Machozi yalinitoka na sioni haya kusema. Nilikuwa nimeliona jua likitembea juu ya nchi nzima, nimekaa kwenye kiti cha ofisi.

Mudir akaniomba simu, nikaogopa. Mfumo umefanya kazi, halas, kinachofuata ni Kiprono kufungasha.

Akamuuliza, "Umekula?"

"Mimi si Muislamu, mudir."

"Najua. Umekula?"

"Bado. Nilikuwa naangalia hii laini."

Mudir akasema, "Nenda ukale. Kesho tutakusubiri tena useme sasa."

Kiprono akajibu kwa sauti ya chini, "Sawa, mudir. Nitakuwa hapa."

Najua mtauliza kwa nini nisiweke tu saa ya Maghrib ya kila mji. Niliweka, kesho yake asubuhi. Ila mudir aliagiza kazi nzito isianze tawi lolote mpaka mtu wa pale akubali. Screen iliniambia watu wanaongezeka, haikuniambia kwa nini.

Kiprono bado yuko Balad.

Nilichojifunza: kusimamia kila kitu kutoka sehemu moja ni kitu kizuri ajabu, naipenda kazi hii kuliko mwanzo. Lakini ukiwa umekaa sehemu moja, unaona jua la hapo tu.

Wakuu mnaoendesha matawi mengi kutoka kiti kimoja, karibuni tujadili. Kwenu nani huwa anasema "sasa"?