Jehanamu ya Machogu

Kemuma hakuwahi kukizoea kicheko kilichopanda kutoka kituo cha kununulia chai pale Nyacheki. Akikisikia tu, angali kilimani na kikapu mgongoni, alijua mumewe ameanza tena habari za jehanamu.

"Nani kawaambia kule watu wanaungua?" Machogu alikuwa akiwauliza wakulima waliomngoja karani. "Waungue na nini? Kuni zenyewe mbichi. Mvua ya alasiri hainyeshi kwetu tu. Moto ukizima, Ibilisi anamtuma mtu mbinguni na kigae kuomba kaa. Mkewe Petro anamwuliza mlangoni, 'Jana si tuliwapa?'"

"Umeyajuaje, mwana wa Bitutu?" jirani yao Nyamusi alimchokoza. "Au ndiko ulikotoka?"

"Nina mwenyeji huko. Tena Mkisii akifika, karani wa huko anamwuliza kwa Kiswahili: 'Baba yako nani?' Naye anataja jina la mama yake, maana kwetu 'baba' ndiye mama. Basi karani anamtafuta mwanamume aitwaye Bitutu mpaka jua linatua!"

Watu wakashika mbavu. Kemuma hakucheka. Alikuwa Msabato, binti wa Wasabato, aliyelima chai bila kuionja hata kikombe kimoja, maana kanisa lao liliikataza. Machogu alisoma mafundisho ya Wakatoliki alipokuwa mvulana, akayaacha kabla hajabatizwa, na kanisa la mkewe pia hakulikubali. Kemuma aliiwaza siku ya ufufuo kama siku ya soko la Kebirigo: umati mkubwa, naye akipita katikati akimtafuta mtu mmoja, asimwone.

Mwaka wa 1973 Machogu akaanza kuvimba tumbo. Hospitalini walimrudisha nyumbani kwa maneno ya upole, na upole ule ulitosha kumweleza Kemuma yaliyobaki.

"Mzee wangu, kubali maji ya ubatizo," alimsihi. "Siku ile nitakutafuta wapi?"

Machogu akasema, "Nami nikija huko kwenu, baba atabaki na nani?"

Ndipo Kemuma alipoelewa. Bitutu, mama yake Machogu, alikufa kabla dini yoyote haijafika mlangoni pake, na mwalimu wa dini akamwambia yule mvulana kwamba mama yake yumo motoni. Mtoto hawezi kulala na jambo kama hilo. Akaanza kuzilowesha kuni. Akaileta mvua, akaleta jirani wa kuombwa kaa, akaleta karani wa kuchekwa, mpaka mahali pale pakawa mahali ambapo mama anaweza kuishi.

Kemuma alifurahi, maana jibu alikuwa nalo. "Lakini hayuko huko! Biblia inasema wafu hawajui neno lolote. Amelala tu. Haungui, hasikii, hamngoji mtu."

"Hasikii?"

"Hasikii kitu."

"Basi miaka yote hii nilikuwa nikimjengea nani?"

Akageukia ukutani. Kisha akasema, "Haya, nipeni hayo maji yenu."

Obadiah, mzee wa kanisa, alishukuru Mungu kwa sauti. Walipanga kumbeba Machogu mpaka mtoni siku ya Sabato. Majirani waliokuja kumjulia hali walimwomba habari za kule, naye akawajibu, "Kule hakuna kitu." Kemuma alimnywesha uji, akahisi kama anamlisha mgeni ambaye hajui hata jina lake. Alikuwa ameshinda, na nyumba ilikuwa kimya.

Ijumaa, jua likikaribia kuzama na Sabato kuingia, aliketi kando ya kitanda.

"Nimepata habari kutoka huko," akasema. "Mama mkwe amegombana na Ibilisi. Amemwambia hajui kusaga wimbi, akamnyang'anya jiwe."

Machogu hakugeuka. "Nani kakuambia?"

"Watu waliotoka sokoni."

"Uongo. Baba hamnyang'anyi mtu kitu." Alivuta pumzi kwa shida. "Angesimama tu akitazama, anatazama tu, mpaka Ibilisi mwenyewe aone haya ainuke." Mabega yalianza kumtikisika. Kemuma hakujua kama ni kicheko au kilio. "Endelea."

"Mimi siwezi. Endelea wewe."

Asubuhi Obadiah alifika na wanaume waliobeba machela ya miti na blanketi. Kemuma aliwakuta mlangoni pa ua.

"Rudini, wazee wangu. Hashuki mtoni."

"Amefariki?"

"Bado. Anasimulia."

Obadiah alimtazama kwa huruma. "Dada Kemuma, unajua unachokifanya?"

Alijua. Aliufunga mlango wa ua polepole, kisha akarudi ndani karibu kwa kukimbia, kwa kuwa Machogu alikuwa katikati ya sentensi, na pumzi zake hazikuwa nyingi.