Maji ya Chumvi Kwenye Tanuri la Kibarani

Bi Zeina wa Muyeye, Malindi, alipoulizwa kazi ya binti yake, alijibu kwa kifupi: "Raiya anavisha vyuma kanzu." Watu walicheka, lakini hakuwa mbali na ukweli.

Raiya Muhdhar alikuwa fundi wa tanuri katika karakana ya Bwana Habib, mtaa wa Kibarani, Kilifi. Waliletewa meno madogo ya karbaidi, yale yanayofungwa kwenye mashine za kukereza chuma. Karbaidi ni ngumu mno: ni unga wa metali ya tangsteni na kaboni ulioshikanishwa kwa kobalti kwa moto mkali. Hata hivyo, nayo huchakaa ikikata chuma kutwa kucha. Kwa hivyo Raiya aliyaosha meno hayo mpaka yasibaki na alama ya kidole, akayapanga ndani ya tanuri lililofyonzwa hewa yote, kisha akayavika ngozi ya titani na naitrojeni, nyembamba mara nyingi zaidi ya unywele. Yalitoka yaking'aa kama dhahabu, na yalidumu kuliko yale yasiyovikwa.

Tanuri lenyewe lilikuwa kuukuu, limenunuliwa baada ya kutumiwa na wengine. Chini yake palikuwa na pampu ya kufyonza hewa iliyofanya kazi kwa kuchemsha mafuta, na kulizunguka tanuri lote palipita mabomba ya maji baridi. Raiya aliogopa jambo moja tu: maji kukatika wakati mafuta yamechemka. Mipira inayoziba mlango ingeungua, hewa ingepenya ndani, ikutane na mvuke wa mafuta ya moto. Hapo tanuri lingelipuka.

Asubuhi moja, tanuri likiwa limeshika moto sawasawa, stima ilipotea. Taa zikazima, na ile pampu ndogo ya kuzungusha maji ikanyamaza.

"Kazungu, jenereta!" Raiya aliita.

Kazungu, mwenzake wa karakana, alikuwa ameshakimbia nje. Jenereta ilikohoa, ikazima. Akaiwasha tena, ikakohoa tena. Raiya hakumngoja. Alifungua koki ya dharura, na maji ya tangi lililokuwa juu ya paa yakaanza kushuka yenyewe, yakizunguka tanuri na kumwagika mtaroni.

"Panda uangalie tangi lina kiasi gani," alimwambia Kazungu.

Kazungu alipanda ngazi, akainamia tangi.

"Dada Raiya, limebaki la chini kabisa. Mifereji haijatoa maji tangu juzi."

Raiya aliuangalia ukuta wa nyuma. Upande wa pili palikuwa na shule ya chekechea, na sauti za watoto wakiimba zilikuwa zikisikika waziwazi. Alitoka mbio hadi kwa Mwalimu Mapenzi.

"Mwalimu, watoe watoto wote sasa hivi. Wapeleke mbali, kule uwanja wa kanisa. Tanuri letu lina hatari."

Mapenzi alimtazama usoni mara moja tu. "Haya, watoto, shikaneni mikono! Tunakwenda matembezi."

Raiya aliporudi, alimkuta Bwana Habib ndani, mkono wake ukielekea kwenye koki ya kuingiza hewa.

"Kwani unangoja nini?" Habib alisema. "Tufungue tutoe kazi ya watu. Wanaokereza pampu za visima vya Ganda wanasubiri meno haya, na mashamba yanakauka."

Raiya aliingia katikati yake na ile koki, akaiegemea kwa mgongo.

"Bwana Habib, mimi nakuheshimu kama baba yangu. Lakini hewa ikiingia humu na mafuta bado yanachemka, hatutoki sote wawili."

Habib alifungua mdomo kujibu, akasikia maji yakigugumia ndani ya mabomba. Tangi lilikuwa linaishiwa maji. Akarudisha mkono.

"Sasa tufanyeje?"

"Kisima cha chekechea."

"Kile cha maji ya chumvi? Yatatafuna mabomba yangu yote!"

"Tutayaosha kesho kwa maji matamu. Leo yapite."

Habib alivua koti, akachukua ndoo mbili.

Mwanzo walikuwa watatu tu, na maji waliyopandisha yalikuwa machache kuliko yaliyoshuka. Mabomba yakapiga mluzi, kisha harufu ya mpira unaoungua ikaenea. Raiya alilowesha magunia, akayabandika kuzunguka mlango wa tanuri. Mvuke ukamchoma mkono hadi kwenye kiwiko, akauma meno na kubandika jingine. Mshale wa kipimahewa ulitikisika, ukaanza kupanda polepole. Hewa ilikuwa inaingia.

"Maji, Kazungu!"

"Yaja! Yaja!"

Aligeuka, akaona mlangoni watu asiowatarajia. Mapenzi alikuwa amewaacha watoto na mwenzake, akarudi na wazazi aliowakuta njiani, kila mmoja na chombo chake: mitungi, madebe, hata sufuria ya wali. Walijipanga kutoka kisimani hadi juu ya ngazi, ndoo zikapita mkono hadi mkono. Raiya aliwasihi wasikaribie tanuri. Yeye mwenyewe hakuondoka, macho yake kwenye mshale.

Uliendelea kupanda. Ukasita. Kisha ukatulia.

Hakuna aliyeshangilia. Waliendelea kuteka mpaka Raiya alipoweka kiganja kwenye pampu ya mafuta, akakiacha hapo bila kuungua. Ndipo alipoketi sakafuni. Mapenzi alimfunga mkono kwa kitambaa kibichi, akaketi karibu naye.

Walifungua tanuri siku iliyofuata. Meno yote yalikuwa yameharibika, mengine ya zambarau, mengine meusi kama masizi. Ngozi ilibanduka kwa ukucha. Habib aliyageuza kiganjani, akapiga simu Ganda, akawaeleza ukweli na kuwaomba radhi. Walimlaumu vikali, naye aliwasikiliza mpaka mwisho.

Alipokata simu, alimgeukia Raiya. "Nilikuwa nifungue ile koki."

"Najua."

"Basi kuanzia leo, tanuri hili haliwashwi mpaka wewe useme. Mimi nikikulazimisha, nifukuze humu ndani."

Raiya hakucheka. Alimwomba tangi la pili, jenereta inayowaka, na ukuta mwingine upande wa chekechea. Kisha akaokota brashi kwa mkono wake mzima, akamwita Kazungu waanze kuosha chumvi mabombani.