Waya Chini ya Antena

Mzee Antena, fundi wa redio, alikuwa mtu wa kujisikia, hilo tuliseme wazi. Chama chake cha wanaredio wa ridhaa kilikuwa na ripita juu ya mnara, mtambo unaodaka sauti hafifu na kuirusha mbali, na aliufunga kwa mikono yake mwenyewe. Kisha shemeji yake, mume wa dada yake, akafunga wa pili kwenye mnara huohuo, wa kikundi cha uokoaji. Tangu hapo, mitambo yote miwili ikirusha kwa pamoja, ni mkwaruzo mtupu.

"Kazi ya lipualipua hiyo!" Mzee Antena alitangaza hewani, wanachama wote wakisikia. Miezi mitatu alimsema shemeji mtu, mpaka dada yake akaacha kuja kwake. Mwisho chama kikaamua: Mzee apande akague, asipopata dawa, mtambo wa shemeji uzimwe.

Akapanda asubuhi, mkanda kiunoni. Antena ya shemeji aliikagua nati kwa nati. Imekazwa barabara, hata kutu haina! Alitafuta la kulaumu, akalikosa.

Alipoteremka kidogo akaona, chini ya antena yake mwenyewe, waya umezungushwa kwenye chuma, umeliwa na kutu, unachezacheza. Lo! Msokoto ule aliujua. Miaka sita nyuma aliishiwa vibano, akafunga waya, akasema atarudi. Wapi! Na alijua fika kwamba chuma kilicholegea chenye kutu hudaka mawimbi ya mitambo miwili, kikayavuruga na kutema kelele.

Akaukata, akakaza kibano. Shemeji, aliyekuwa chini, akawasha mitambo yote. Safi kabisa. Mzee Antena aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, na bado waya akautia mfukoni.

Alipofika chini, shemeji alikuwa anaongea na wanachama redioni. "Jamani, Mzee ametengeneza. Bila shaka kosa lilikuwa langu, mnisamehe. Na wewe shemeji, nisamehe sana."

Pongezi zikamiminika. "Fundi ni wewe, Mzee!" Kila moja ilimchoma. Kisha ikaja sauti ya dada yake, aliyekuwa akisikiliza redioni nyumbani: "Ahsante kaka, umemsitiri mume wangu."

 Hapo akautoa waya mfukoni, akamwekea shemeji kiganjani, kisha akaomba redio.

"Kosa ni langu," alisema. "Ni waya wangu, niliufunga mimi kwa uvivu. Shemeji hana kosa hata chembe. Miezi mitatu nimemchafua bure, na sasa hivi nilitaka kunyamaza."

Akaachia kitufe.  Kwa mara ya kwanza alitamani ule mkwaruzo ungekuwepo, umfunike. Haukuwepo.

"Nimekusikia, kaka," dada yake akasema, akazima redio.