Kilima Nilichomchorea Mama Ian

Alhamisi moja, saa nane mchana, nilimkuta mama wa miaka sitini na minane akichapa ratiba ya mazishi kwenye kompyuta ambayo kioo chake kilikuwa kimezima.

Kilikuwa cheusi kabisa.

Alikuwa amefika ukurasa wa tatu.

Wacha nianzie mwanzo.

Naitwa Nyaruai. Nyumbani ni Matisi, Kitale. Nilimaliza chuo mwaka juzi, nikiwa nimesomea kompyuta, na tangu hapo natengeneza mashine za watu huku nikingojea kazi. Mimi ni mmoja wa wale watu wa Linux, mfumo wa kompyuta usiouzwa. Ukinipa dakika tano nitakueleza kwa nini programu za kompyuta zinafaa kuwa kama maji ya mto, kila mtu achote na kila mtu aweze kuzirekebisha.

Marafiki zangu hawanipi hizo dakika tano.

Mwezi wa tatu nikapigiwa simu kutoka Bungoma. Rafiki ya mamangu wa kanisani alikuwa amepeana namba yangu.

"Wewe ndio Nyaluai wa kompyuta?"

"Ndio, Mama."

"Yangu imekufa. Kuja."

Huyo alikuwa Agneta, ambaye kila mtu humwita Mama Ian. Jina langu hulitamka hivyo mpaka leo. Ana chumba kimoja nyuma ya soko, meza moja, printa moja. Kwa miaka ishirini na miwili amechapa ratiba za mazishi: wasifu wa marehemu, nyimbo, nani ataongea baada ya nani. Alisomea uhazili enzi za taipureta, na mwalimu wao alikuwa akiwafunika mikono kwa kitambaa ili wasiangalie vidole.

Ofisi yake ina sheria moja. Nakala za kugawa hazitoki kwa printa kabla mwenye msiba hajasimama na nakala ya majaribio, akaisoma yote kwa sauti.

"Mtu asikike kwanza, ndio aandikwe," aliniambia. "Ni heshima."

Niliipenda hiyo sheria mpaka nikaiweka kwa status ya WhatsApp.

Kompyuta yake ilikuwa ya Windows XP, ile ya zamani yenye kilima cha kijani na mbingu ya buluu. Diski ilikuwa imekufa, na hakukuwa na la kufanya. Nikamtafutia mashine ya mtumba, lakini ilikuwa changa mno, haikutaka kusikia habari ya mfumo wa zamani.

Jumamosi hiyo Ian, mwanawe, akatoka Nakuru. Akanivuta nje.

"Sister, skiza. Mathe hawezi jifunza kompyuta mpya. Mimi nataka aende nyumbani Lwakhakha apumzike na kuku wake. Hii room kuna jamaa wa simu anaitaka."

"Na yeye anataka nini?"

"Anataka kufanya kazi mpaka aanguke kwa hiyo meza. Kuna mazishi ya Mwalimu Festus wiki ijayo. Ratiba isipotoka Ijumaa, tunafunga. Nimemwambia na amekubali."

Nilimchungulia Mama mlangoni. Alikuwa ameketi wima mbele ya meza tupu, mikono juu ya mapaja, kama mtu anayengoja kuitwa.

Nikaamua hatafungiwa.

Mpango wangu ulikuwa rahisi. Linux unaweza kuivisha nguo yoyote. Ningeivisha XP, Mama asijue kuna kilichobadilika.

Nilifanya kazi kama fundi wa nguo za harusi. Upau wa buluu chini. Kitufe cha kijani kwenye pembe. Pipa la taka upande wa kulia. Menyu nikaipanga vilevile, kitu kwa kitu, kutoka kwa picha ya zamani niliyoipata kwenye simu ya mteja wake. Kilima nikakitafuta mpaka nikapata chenye wingu lilelile.

Jumatatu nikaiwasha. Nilikaribia kulia.

"Mama, si unaona?"

"Naona."

Akaendelea kukaa.

"Unaweza kuanza."

"Kuna kitu hakijakaa sawa, mwanangu."

Nikajua ni ile buluu. Nikaikoleza kidogo.

"Sasa?"

"Bado. Ile yangu ilikuwa inanisalimia."

Maneno hayo yaliniingia moyoni. Nikafikiria upweke wa mama huyu, miaka yote na wafu wa watu wengine. Usiku huo sikulala vizuri. Jumanne asubuhi nikaandika katikati ya kilima, kwa herufi kubwa nyeupe: KARIBU MAMA IAN.

Nikamketisha. Nikangoja.

Dakika moja ikapita.

"Imewaka?" akauliza.

"Imewaka, Mama. Angalia vizuri."

Akaangalia vizuri. Kisha akapapasa meza upande wa kushoto, akapapasa wa kulia.

"Spika zangu ziko wapi?"

"Nimeziweka chini. Zimezeeka, na ofisi haihitaji kelele."

"Hata mimi nimezeeka. Zirudishe."

Nikazirudisha. Nikatafuta mtandaoni ule mlio wa zamani wa XP ikiwaka, nikauweka. Nikazima, nikawasha.

Mlio ukatoka, spika moja ikikoroma.

Uso wa Mama Ian ukafunguka.

"Eeh! Sasa imefika."

Akabonyeza kitufe, akashuka menyu mara nne bila kusita, akaanza kuchapa. Nilijipongeza sana. Niliamini kilima ndicho kilichofanya kazi, mlio ukawa chumvi tu juu yake.

Ndipo ikafika ile Alhamisi. Nilikuwa nimetoka kununua karatasi. Niliporudi, nikaona waya wa kioo umechomoka ukutani na unaning'inia, na Mama anachapa tu.

"Mama, kioo kimezima."

Vidole vikasimama.

"Kimezima sasa hivi?"

"Sijui. Pengine kitambo."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Nadhani ilikuwa mazoea.

"Funga mlango, Nyaluai."

Nikafunga.

"Ni presha ya macho. Jicho la kushoto lilitangulia, la kulia likaamua kumfuata mwenzake. Mwangaza naona. Mtu akisimama mlangoni naona giza lake. Herufi, hapana."

"Na kilima?"

"Kilima gani?"

Nilikaa chini juu ya bunda la karatasi.

Kumbe mlio ndio uliokuwa unamwambia mashine iko tayari. Menyu aliihesabu kwa vidole. Na ile sheria ya kusoma kwa sauti, ile niliyoiweka kwa status, ndiyo ilikuwa njia yake ya kusahihisha kazi. Mimi nilivisha mashine nguo ili Mama asijue, naye alikuwa amevaa miwani ili sisi tusijue.

"Utamwambia Ian?" akauliza.

"Hapana, Mama. Utamwambia wewe."

"Na nikikataa?"

"Basi tutakuwa wawili tunaojua."

Kisha nikakumbuka kitu kilichonitia aibu hata kukitaja. Ndani ya ile Linux mlikuwa na programu ya kusomea watu wasioona kila kilichoandikwa kwenye kioo. Ilikuwemo tangu siku ya kwanza. Niliizima mwenyewe ili mashine iwe nyepesi kubeba kilima.

Nikaiwasha, nikaipa ile salamu isome. Ikasema kwa Kiswahili cha mtu anayeumwa na jino: "Karibu Mama Ian."

"Huyu ni nani?" akashtuka.

"Mfanyakazi wako mpya."

"Anaongea kama karani wa mahakama. Wacha akae."

Ijumaa asubuhi Ian alikuwa amefika, amesimama na funguo za chumba mkononi. Derrick, kifungua mimba wa marehemu, alisimama akasoma ratiba yote kwa sauti. Alipofika kwa jina la mamake alilirudia mara mbili, akamaliza. Ian naye aliifuata kwenye nakala nyingine.

"Iko sawa, Mathe. Print."

"Ngoja. Asome karani."

Mashine ikaanza. Ian akatazama spika, akanitazama mimi. Ikasoma nyimbo, ikasoma watoto, ikafika kwa wajukuu. Mama alikuwa akikunja vidole chini ya meza.

"Simamisha. Imesema wajukuu kumi na wanne. Majina ni kumi na matatu."

Derrick akanyakua karatasi yake, akahesabu kwa kidole.

"Jelimo! Wa dada yangu. Haki ya Mungu, kesho dada angeondoka kaburini na watu wake wote."

Jelimo akaingizwa. Printa ikaanza kutema kurasa.

Ian hakuwa amemwondolea mamake macho.

"Mathe. Mbona unasomewa?"

"Kwa sababu sioni, Ian."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipooa."

Ian ana watoto watatu, na mkubwa yuko darasa la tano.

Akaketi polepole. Aliangalia ratiba mkononi mwake, pale alipopitisha macho yote mawili na jina la mtoto likamponyoka. Akaweka funguo juu ya meza na kuzisukuma mpaka zikagusa vidole vya mamake.

"Spika moja inakoroma," akasema. "Nitaleta zingine."

Jamani, hili ndilo nililojifunza. Nilitumia siku tatu kuchora kilima kwa ajili ya mtu ambaye hakuwa akikitafuta, wakati swali moja lingetosha: Mama, wewe hufanyaje kazi? Moyo mwema usiouliza hupaka rangi tu.

Kilima bado kiko pale. Nilitaka kukiondoa, Mama akakataa.

Anasema wateja wamemwambia ni kizuri.