Kundi la Mtu Mmoja

Ofisini walimwita Wastani, naye hakukasirika. Kazi yake ilikuwa kuyagawa magari katika makundi kulingana na ajali zake, kisha kupanga ada ya bima ya kila kundi. Hata nyumbani, chai ikizidi sukari leo, kesho aliomba ipungue ili mambo yakae sawa.

Mwaka huo aliyatenga magari ya kubeba maiti, yakawa kundi peke yake. Kompyuta ikajibu kwamba kila gari la kundi hilo limepata ajali. Ada ikapanda mara tatu. Wastani akasaini, akaenda kula.

Jumatatu mama mkwe wake akaingia ofisini, ufunguo wa gari mkononi. Wastani aliinuka kwa adabu hata kiti kikaanguka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mkwe, ada hii siiwezi. Naliuza gari langu la maiti, nahamia kwenu. Lakini kwanza nionyeshe wenzangu walioniponza, nikawaseme."

Wastani akafungua kompyuta akiwa wima. Gari lilikuwa moja, ajali moja: mama mkwe akirudi nyuma, kagonga lango la makaburi.

"Uko peke yako, mama."

"Kumbe! Nimejikwaa mimi, mmetangaza ukoo mzima umevunjika miguu?"

Wastani alijua kosa lake. Kundi dogo halisadikiwi peke yake: rekodi yake hupewa uzito kidogo, na uliobaki hupewa rekodi ya kundi kubwa linalofanana nalo. Tatizo ni kufanana na lipi.

"Ambulensi," bosi akadakia kutoka meza ya pili. "Machela ni ile ile."

Wastani akanywea. Ambulensi zinagongana kila wiki; ada isingeshuka hata chembe.

Mama mkwe akamgeukia bosi. "Baba, ambulensi inakimbia kwa sababu abiria wake ana haraka. Wangu anawahi nini?"

Ofisi nzima ikaangua kicheko, bosi naye. Wastani hakucheka, alikuwa anatafuta magari yanayokwenda polepole, mchana, kwa msafara, yameoshwa. Akayapata: magari ya maharusi. Mengi, na ajali zake za kuhesabika. Akachanganya rekodi, ada ikarudi karibu na ilipokuwa.

Mama mkwe akaisoma karatasi ya ada mpya, akaikunja, akafika mlangoni, akageuka.

"Ila mkwe, dereva wa maharusi anapigiwa kelele njia nzima. Mimi abiria wangu hajawahi kunisemesha. Huoni hapo pa kupunguza?"

Wastani akakaa afikirie. Kiti kilikuwa bado kimelala sakafuni.

"Pole, mkwe," mama mkwe akasema. "Na hiyo ajali mnaiweka kundi gani?"