Umuvure wa Baba na Visiwa vya Bondeni

Enzi zetu huku Kasulu, mtoto aliyewahi kuona ziwa alihesabiwa msomi. Wengi wetu pale Kagerankanda maji mengi tuliyoyajua yalikuwa ya mtoni, ya kuchota na kufulia, na yale ya bonde la chini ya shamba letu likifurika masika. Sasa fikirieni alipoletwa darasani kwetu Zuhura, binti wa nesi aliyehamishiwa zahanati yetu kutoka Mafia, akasema babu yake ana boti yake mwenyewe, na siku za sikukuu ukoo mzima hupanda wakazunguka visiwani, leo hiki, kesho kile.

"Wallahi tena," alisema. "Chole, Juani, Jibondo. Tunashuka, tunapika wali, tunaoga, tunarudi."

Boti ya nyumbani! Sisi nyumbani tulikuwa na mbuzi. Darasa zima tulimwona mwongo wa kutupwa.

Lakini nilimpenda. Kiswahili chake kilikuwa laini, sisi cha kwetu tulikuwa tunakitafuna kama muhogo mbichi, maana nyumbani ni Kiha tu kutwa nzima. Nilimfundisha kuamkia "mwakeye", naye akaja kwetu akala ugali wa muhogo kwa maharage ya mawese mpaka akalamba vidole. Tulicheza rede hadi tukageuka rangi ya vumbi. Mama aliita mara moja tu. "Nikiita mara ya pili nakuja na fimbo," alikuwa akisema, na hakuna aliyetaka kuhakikisha. Siku hizi unamwita mjukuu mara nne, anajibu "nakuja bibi" macho yakiwa kwenye simu, na wewe mwenyewe ndiye unayeishia kumpelekea chakula alipo.

Sasa, mwaka ule dada yangu Yustina aliposwa. Yustina ndiye aliyenilea mgongoni Mama akiwa shamba, kwa hiyo posa ile niliifurahia na kuililia kwa pamoja. Wageni walikuwa waje Jumamosi kutoka Rungwe Mpya, na posa bila pombe ya ndizi ilikuwa matusi. Ndizi zilikwisha kuvundikwa shimoni, Alhamisi zikamuliwe kwenye umuvure. Kwa msioujua, huo ni mti mzima uliochongwa ndani ukawa kihori kirefu. Ndizi zinapondwa humo kwa majani, juisi inatiwa unga wa mtama uliokaangwa, inafunikwa na kuachwa humo humo ichachuke. Wa kwetu ulikuwa mmoja tu, Baba aliurithi kwa baba yake. "Wageni wakikosa pombe hapa kwangu," alisema wiki ile, "sina uso wa kupita sokoni tena, na huyu binti atabaki hapa hapa."

Jumatano wakubwa wote walikuwa shamba. Umuvure ulikuwa umeegemezwa ukutani, mtupu. Zuhura akautazama, akauzunguka, akaupiga konzi.

"Kumbe boti mnayo!" akasema.

Jamani, ningefanyaje? Tuliuburuta mteremkoni juu ya majani mabichi hadi bondeni. Yeye akasimama nyuma na mti mrefu aliouita upondo, mimi mbele nimeshikilia kingo kwa mikono miwili. Tukaelea! Bonde lilikuwa limejaa maji, na vichuguu vimechomoza kila mahali, kila kimoja na kijani chake juu. Zuhura akavipa majina. Kile chenye mgomba kikawa Chole, kikubwa kikawa Juani. Tulishuka kila kimoja, tukala mapera, tukamsalimia kenge mwenye kisiwa chake, tukaendelea. Sijawahi kuwa tajiri kama siku ile.

Tukielekea Jibondo tukagonga kisiki. Krrr! Maji yakaanza kuingia kwa chini, ufa wa urefu wa kiganja. Nilimwona Baba bila uso sokoni. Nilimwona Yustina amekaa nyumbani hadi mvi. Nikalia kwa sauti.

"Nyamaza," Zuhura akaniambia. "Tutautia kalafati." Ndivyo babu yake alivyoziba boti, kwa pamba. Tulipoukokota hadi nyumbani alikimbia zahanati, akarudi na fundo la pamba ya mama yake, tukaishindilia kwenye ufa na kupaka udongo wa kichuguu. Wakubwa waliporudi, umuvure ulikuwa umeegemea ukutani kama ulivyoachwa.

Asubuhi ya Alhamisi Yustina alitumwa kuusuuza mtoni, na alikawia hadi Mama akamfokea. Alirudi amefunga vidole viwili kitambaa, akasema chungu cha uji kilimuunguza alfajiri. Wakakamua ndizi. Mimi nilikaa chini ya ule umuvure siku nzima, nikatafuta tone. Hakukuwa na tone. Jumamosi wageni walikunywa, wakasifu, wakaimba, na Yustina akapata kwake.

Mwaka uliofuata nesi akahamishiwa Kibondo, lakini mimi na Zuhura hatukupoteana, na kwa zaidi ya miaka arobaini tumejivunia kalafati yetu.

Mwaka jana Zuhura, aliyerudi kwao Mafia, alinialika. Kijana wake ana boti ya mashine. Nilikwenda na Yustina, sasa ni mjane na magoti hayamtaki. Tuliizunguka Chole asubuhi, maji yanaonyesha hadi chini, wajukuu wa Zuhura wakijipiga picha wao wenyewe, kisiwa wamekipa mgongo. Yustina hakutazama kisiwa. Aliinama, akapapasa ubao chini ya miguu yake.

"Hii nayo mmeziba kwa pamba?" akauliza.

Mimi na Zuhura tukatazamana.

"Pamba yenu yote ilichomoka nilipousuuza umuvure mtoni," alisema, bado anapapasa. "Nilirudi kwa nyuma ya nyumba nikachukua nta kwenye mizinga ya Baba, nikaiyeyusha na kuziba ufa. Ndiyo iliyoniunguza."

"Dada! Mbona hukusema?"

"Ningesema, Baba angekuchapa. Nami nilikuwa naondoka. Sikutaka nikuache unalia."

Siku hizi kwetu ndizi zinapondwa kwenye madiaba ya plastiki, na bonde limelimwa mpunga, vichuguu vimesawazishwa. Kosa la mtoto leo linarekodiwa na kufika kwa shangazi wa Dar kabla mtoto hajafuta machozi. Mle botini niliuchukua mkono wa dada yangu, nikaugeuza, nikalitazama kovu lililokuwa kwenye vidole viwili miaka yote ile, nami sikuwahi kuuliza.