Saa Niliyozaliwa

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa karani katika ofisi ya misaada Kibondo mjini, na nilipanga nyumba moja na nesi wa Kizungu, mwanamke wa makamo. Jioni, akirudi kutoka kambi ya wakimbizi, alinifundisha kusoma ramani ya nyota, yaani mchoro wa anga lilivyokuwa mtu alipozaliwa.

"Usiogope hiyo mistari," aliniambia. "Anza na vitu vitatu. Jua ni wewe mwenyewe. Mwezi ni moyo wako. Nyota iliyokuwa ikichomoza mashariki ni mlango, jinsi watu wanavyokuona kwanza. Kisha tazama Jua na Mwezi vimeangukia nyumba ipi kati ya hivi vipande kumi na mbili vya mchoro."

Ili anichoree yangu alihitaji tarehe, ambayo ilikuwa kwenye cheti cha ubatizo, na saa, ambayo sikuijua. Jumamosi nikadandia lori hadi nyumbani Kasanda, nikamuuliza mama.

"Jogoo wa kwanza alipowika," alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye maharage aliyokuwa akichambua.

Nesi akachora. Jua langu lilikuwa kwenye nyota ya Nge, mlango Mizani, na Mwezi kwenye Mbuzi, nyumba ya nne, ambayo ni nyumba ya mama na malezi. Nilifurahi sana. Safari iliyofuata nikamsomea mama ile karatasi, tumekaa uani.

"Mwezi ukikaa hapa, mtoto alikumbatiwa na mama yake tangu siku ya kwanza."

Mama akaacha kupukuchua mahindi. Akaingia ndani, hakutoka mpaka wakati wa kupika. Nilidhani ameona ni mambo ya waganga.

Asubuhi, kabla ya kwenda kanisani, aliniita jikoni. Alikaa kulia kwangu kama siku zote, kwa sababu sikio langu la kushoto halisikii tangu utoto.

"Habari ya jogoo si kweli," alisema. "Ulizaliwa mchana, jua la utosini, kwenye njia ya shamba. Bibi yako alinikataza kutoka. Nikasema nimalizie kupanda mahindi. Nilipojifungua nilizimia. Nilipozinduka mvua inanyesha, na wewe uko kwenye majani, hulii tena. Homa uliyoipata kwa mvua ile ndiyo iliyoharibu sikio lako. Bibi akasema tuseme ulizaliwa nyumbani alfajiri, baba yako asinilaumu."

"Mama, kujifungulia njiani si kosa la mtu."

"Nilikatazwa, mwanangu. Nilisikia, nikaenda."

Kumbe miaka yote alipokuwa akihama kiti ili akae upande ninaosikia, alikuwa na hilo moyoni, na mimi nimekuja na karatasi kumsifia siku asiyotaka kuikumbuka.

Kibondo nilimpa nesi saa mpya. Jua likapanda juu kabisa ya mchoro, mlango ukawa Ndoo, na Mwezi ukahamia nyumba ya kumi na mbili, nyumba ya mambo yaliyofichwa.

"Hii inafanana nawe zaidi," akasema. Nilimshukuru, sikumweleza zaidi.

Mama hakusahau. Nilipofika tena aliuliza, "Ile nyingine, ya mchana, inasemaje?"

"Jua liko juu. Inasema kazi yangu itaonekana na watu."

"Na mimi niko wapi humo?"

"Haisemi lolote baya juu yako, mama."

Akasema anataka sikio langu likapimwe Kasulu, hospitali, na yeye awepo.

Tulikwenda. Daktari alichungulia, akauliza maswali, mama akamsimulia yote, hata lile katazo la bibi. Daktari akasema sikio la aina hiyo huweza kuharibika kwa ugonjwa wowote wa utotoni, na kwamba mvua haina hatia, wala mama hana.

Mama alimshukuru kwa heshima. Nje alisimama akijifunga upya kitenge.

"Daktari mwenyewe kijana," alisema. "Hajui mvua ya siku ile ilivyokuwa."

Nikamshika mkono, tukavuka barabara kutafuta gari la Kibondo.